Ukumbusho Usio na Jina

Mawe ya ukumbusho katika wilaya zetu za Korogwe na Handeni ni mengi kuliko tunavyodhani. Mengine yamepachikwa katika kuta za shule, mengine yako mbele ya zahanati, mengine makaburini, na mengine kando ya njia. Twayapita kila siku twendapo sokoni na kisimani, wala hatuyasomi. Mimi nami nalikuwa mmoja wa hao wapitao, hata siku moja mtoto wa darasa la nne akaniuliza neno nisiloweza kulijibu sawasawa. Kwa ajili ya neno lile naandika leo. Nataka tuyapime mawe ya ukumbusho kama tupimavyo kitabu: yasema nini, yamtaja nani, na ni nini yanyamaziacho.

Katika shule moja ya upande huu wa Bungu, ambayo sitaitaja, ukutani mna jiwe la marumaru. Limechongwa jina la mkubwa aliyekuja siku ya kulifungua jengo, na cheo chake, na tarehe ya siku ile. Mtoto alilisoma kwa sauti, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyu ndiye aliyeijenga shule yetu?" Nikamjibu, "Hapana, yeye aliifungua." Akasema, "Basi walioijenga ni nani?" Nikaanza kumweleza. Akina mama walipandisha mchanga kutoka mtoni kwa ndoo vichwani. Vijana walivunja mawe mlimani na kuyashusha mabegani. Mafundi wawili walilala hapa majira yote ya mvua, wakingoja kukauke wapate kuendelea. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena, "Majina yao?" Nikahesabu kwa vidole. Mkono mmoja ulinitosha, wala sikuweza kuanza wa pili. Na kazi ile haijatimiza hata miaka arobaini.

Simlaumu mkubwa yule. Alialikwa, akaja, akavuta kitambaa, akasema maneno mema, akaenda zake. Namlaumu aliyeamua maandishi ya jiwe, na huyo ni sisi wenyewe. Kamati ilikaa na kufikiri ni jina gani listahililo marumaru. Ikaliona jina la mtu wa saa moja, isiyaone majina ya watu wa miaka miwili.

Ili tusihukumu ovyo, yafaa tuwe na kipimo. Ninyi msomao Maandiko mwakumbuka habari za Yoshua: Waisraeli walipovuka Yordani waliagizwa kutwaa mawe 12 kutoka mtoni na kuyasimamisha, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawaeleze. Angalieni ya kuwa agizo lile lina sehemu mbili. Ya kwanza ni jiwe, ya pili ni jibu. Jiwe lisilo na jibu halitofautiani na mengine yaliyobaki mtoni. Basi kipimo changu ni hiki: mtoto akisimama mbele ya ukumbusho na kuuliza, "Ni nani hawa?", je, atajibiwa? Akijibiwa kwa majina ya watu, ukumbusho umefanya kazi yake. Akijibiwa kwa jina la aliyeujenga tu, au kwa neno la jumla lisilomshika mtu yeyote, ukumbusho umeshindwa, hata ukiwa wa shaba na mrefu kama mvule.

Kwa kipimo hiki tuutwae kwanza ukumbusho ulio maarufu kuliko yote katika nchi yetu, ndio ule wa Askari katika Dar es Salaam. Wengi wenu mmeuona mlipokwenda mjini, hapo njia ya Samora ikutanapo na ya Azikiwe. Uliwekwa mwaka 1927, nao ni kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Juu amesimama askari Mwafrika wa shaba, bunduki mikononi, singe mbele, kama mtu aendaye vitani. Ubavuni mwa msingi wamechongwa watu wengine, na wapagazi wamo. Kwa kazi ya mkono ni sanamu njema, na tena mtu wetu amepewa mahali pa juu, hapana bwana juu yake.

Na ili tuone hatua iliyopigwa, yatupasa kukumbuka sanamu iliyokuwako mahali pale kabla yake. Wajerumani walikuwa wamemsimamisha hapo Hermann von Wissmann, yule aliyevivunja vita vya pwani, na ambaye kwa amri yake Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu, na askari Mwafrika chini yake, akimwinulia macho. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliiondoa. Ikapelekwa Uingereza, kisha Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha, mara ya mwisho mwaka 1968. Kutoka askari aliye chini akimtazama bwana wake, hata askari aliye juu peke yake, ni mwendo mkubwa. Asiyeuona mwendo huo hapimi kwa haki.

Lakini someni maandishi yake. Yamechongwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, mtungaji mashuhuri. Yawaheshimu askari wenyeji waliopigana, na wapagazi, ambao yawafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Kisha yamwahidi msomaji kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Hapo ndipo mwenye kupima hana budi kusimama. Ukumbusho waahidi kwamba jina litakumbukwa, nao wenyewe hauna jina hata moja la marehemu. Uzungukeni pande zote, hamtaliona. Kazi ya kukumbuka wamewatwika watoto wa wafu, kama baba zao walivyotwikwa masanduku.

Na lile neno la miguu na mikono, ambalo mara ya kwanza lasikika kuwa ni sifa, lipimeni tena. Mtu hatambuliwi kwa mguu wake, hutambuliwa kwa uso. Mguu ukichoka hutafutwa mwingine, wala hakuna aulizaye ule wa kwanza uliitwaje. Naamini mtungaji alikusudia heshima. Walakini heshima ile yawatazama wapagazi kwa macho ya jenerali ahesabuye mizigo, haiwatazami kwa macho ya mke aliyebaki mlangoni.

Huenda mtu akanijibu, "Wafu walikuwa wengi mno, nani angaliweza kuwaandika wote?" Neno hili lina uzito. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wakadiriwa kuwa wapata 95,000, na wengi wao waliuawa na magonjwa na njaa kuliko risasi. Lakini tazameni na jambo la pili. Katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam uko ukumbusho mwingine, wa Waingereza na Wahindi waliokufa katika vita ile ile na makaburi yao hayajulikani, nao una majina zaidi ya 1,500. Basi mahali majina yalipotakiwa, majina yalitafutwa na nafasi ya kuyachonga ikapatikana.

Wala si mimi peke yangu nisemaye hivi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ndiyo iliyopewa kazi ya kuwakumbuka wafu hao, ilitoa taarifa juu ya matendo yake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufika 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na wa Magharibi na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sababu moja ilikuwa upungufu wa hati. Sababu ya pili ilikuwa mawazo ya wakubwa wa siku zile. Mwaka 1923 gavana wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, jina lake F. G. Guggisberg, alisema huko London kwamba mwenyeji wa kawaida asingalifahamu wala kuthamini jiwe la kaburi.

Nilipolisoma neno lile nalitoka nje, nikaenda kuyatazama makaburi yetu. Mna misalaba ya mti, na mingine ya saruji. Majina mengine yameandikwa kwa msumari kabla saruji haijakauka, na herufi zimepinda kwa kuwa mkono ulioandika ulitetemeka. Nikasimama kitambo, nikaona hapana haja ya kumjibu gavana. Makaburi yale yamekwisha kumjibu.

Habari za vita hii si za mbali nasi. Mwezi wa Juni 1916 jeshi la Waingereza lilishuka kwa bonde la mto Pangani, likaingia Korogwe, kisha likafika Handeni. Njia zilijaa watu wenye mizigo, wa jeshi hili na wa jeshi lile, maana Wajerumani nao walichukua wapagazi. Baba yake bibi yangu, mtu wa milima hii, alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa, wala hakurudi. Bibi alikuwa mtoto wa mgongoni siku zile, hakumjua kwa uso. Maisha yake yote alimtaja kwa neno moja, "baba wa mzigo," kwa kuwa ndivyo mama yake alivyozoea kumtaja. Nalilisikia neno lile tangu utoto. Nalisoma, nikawa mwalimu, nikafundisha tarehe za wafalme na za vita, nikaja kumsalimu bibi kila likizo na kalamu i mfukoni, wala sikumwuliza hata siku moja jina la baba yake. Bibi alifariki, na jina likaenda naye.

Basi nikiisoma ile ahadi ya Dar es Salaam, kwamba wana watalikumbuka jina, naona haya mara mbili. Wenye shaba hawakuliandika, na sisi wenye damu hatukuliuliza. Tukiwakosoa Waingereza kwa nguzo yao, tukaishia hapo, tutakuwa kama mtu amcheka jirani kwa paa linalovuja, na lake halina makuti.

Je, uko ukumbusho ufanyao vema katika nchi yetu? Uko. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 waliopigana katika Vita vya Majimaji. Makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa hapo mwaka 1980, na walionyongwa wametajwa kwa majina. Miongoni mwa wanaoheshimiwa huko yumo mwanamke, Nduna Mkomanile. Kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Mjukuu afikaye Songea aweza kuweka kidole juu ya jina na kusema, "Huyu ni wetu." Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na watu wa ukoo wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale waliyoyatenda Wajerumani. Nadhani majina yale yalikuwa na sehemu katika jambo hili. Ukoo uliolishika jina la mtu wake waweza kuulizia habari zake. Ukoo uliolipoteza jina hauna mlango wa kubisha.

Tena msidhani kwamba nguvu ya ukumbusho yatoka katika ukubwa wa mwenye kuuamuru. Mji wa Lushoto, ambao watu wa Bungu wote waujua, Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wao Wilhelm wa Pili. Jina lile liliandikwa katika ramani na katika barua za serikali. Nani leo aendaye Lushoto husema, "Nakwenda Wilhelmstal"? Limekwisha kama umande. Kwa upande mwingine, Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutoka neno la Kiingereza la jeshi la wapagazi, waliokuwa na kambi mahali pale. Vinywa vya watu vililitwaa neno la kigeni, vikalilainisha, vikalipanda mpaka likaota, na hata leo linaishi. Kwa namna moja Kariakoo ni ukumbusho wa wapagazi mkubwa kuliko nguzo ya shaba, maana hutajwa mara elfu kila siku. Walakini ulizeni wanunuao vitunguu na vitambaa hapo: ni wangapi wajuao kwamba wanawataja wapagazi? Jiwe la Yoshua liko, jibu limepotea. Kwa hiyo jina nalo peke yake halitoshi, lisipokuwa na mwenye kulieleza.

Sasa niwapeleke Handeni, ndipo penye mfano ulionifundisha kuliko yote. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani wakati wa njaa, wakapelekwa kwa vyombo mpaka nchi ya Wasomali. Baadhi yao walitoroka wakaingia katika misitu ya mto Juba, wakakaa huko kama watu huru, na masimulizi yao humtaja mwanamke aliyewaongoza, jina lake Wanakhucha. Walikaa huko vizazi vingi. Vita vilipoiharibu Somalia tangu mwaka 1991, walikimbilia Kenya, na wengine wakafika Tanzania. Mwaka 2003 walipewa makao Chogo, katika wilaya ya Handeni. Walipofika walikuwa wangali wanasema Kizigua, na wazee wa Handeni waliwafahamu. Watu hawa hawakuwa na jiwe hata moja, wala nguzo, wala bamba la shaba. Walikuwa na lugha, na jina la mwanamke mmoja, na habari iliyosimuliwa kwa watoto. Kwa muda uzidio miaka 150 habari ile haikuanguka njiani.

Hapo mtu atasema, na haki yake kusema, "Kama kinywa chaweza kutunza hivyo, mawe ni ya nini?" Nalilifikiri sana neno hili. Jibu langu ni kwamba Wazigua wa Juba walisimulia kwa kuwa walikuwa wageni katika nchi ya watu, na habari ile ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Sisi tuko kwetu, nasi twadhani ya kuwa mlima utatukumbukia. Zamani jioni watoto walikaa motoni kwa bibi. Siku hizi wanakaa na simu. Hata tambiko la wazee wetu, ambalo sisi Wakristo tumeliacha, lilikuwa na jambo moja la kutuonya: mwenye kutambika aliwaita wafu kwa majina, mmoja baada ya mmoja, akiogopa kumruka mtu. Hakusema "wote waliotutangulia" kisha akaketi. Tuliacha tambiko, na hivyo ndivyo ilivyotupasa. Lakini tusiache na majina pamoja nalo, tukadhani nayo yalikuwa dhambi.

Tena tunao mfano wa kalamu hapa hapa Tanga. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa na misheni huko Magila kuanzia mwaka 1895. Humo twasoma jinsi Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, alivyopanda milima hii mpaka akatawala Vuga. Kitabu kile chataja watawala, na wake zao, na watoto wao, na watu waliotumwa nao, na kwa sababu hiyo majina mengi yaliyokuwa katika vinywa tu yamepata mahali pa kukaa. Lakini hata hicho tukipime kwa kipimo kile kile. Ni habari za ukoo uliotawala, kama jina lake lisemavyo. Mkulima aliyelipa kodi ya mbuzi, na mwanamke aliyewapikia wajumbe, hao hupita upesi katika kurasa zake. Mwandishi mmoja hawezi kuandika kila kitu, nasi hatumdai. Twajidai wenyewe sehemu iliyobaki.

Basi katika Bungu yetu tufanyeje? Kwanza, lichongwapo jiwe jipya, kamati iulizane kabla ya kumwita fundi: watoto wetu watauliza nini, na jiwe litawajibu nini? Jina la mgeni wa heshima liandikwe, si kosa. Ila liwe chini, na juu yake majina ya waliojenga, kila mtu na jina la baba yake na kijiji chake. Kama nafasi haitoshi, punguzeni vyeo. Cheo cha maneno sita chaweza kuwapa nafasi watu watatu.

Pili, maandishi yaseme tendo. Tumezoea kuandika kwamba fulani alikuwa mtu mwema, mpenda maendeleo, asiyesahaulika. Maneno kama haya yamfaa kila mtu, kwa hiyo hayamfai mtu yeyote. Ni afadhali kuandika kwamba alibeba mawe ya msingi kwa miezi minane, au kwamba alizalisha watoto wa kijiji hiki usiku na mchana bila kudai kitu. Mtoto akisoma hivyo ataona mtu.

Tatu, tuyafungue masanduku yetu. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa katika makanisa yetu vina majina ambayo hayako mahali pengine popote duniani. Kumbukeni jirani zetu wa Lutindi: mwaka 1896 palifanywa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kabla mahali pale hapajakuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Watoto kama wale hawakuwa na ukoo wa kuwasimulia. Kama majina ya watu wa namna hiyo yamo katika vitabu vyetu, yamo humo kama mbegu ghalani, na mchwa hawangoji. Mwenye hati nzuri na anakili, mwingine asome nakala na kusahihisha, na nakala mbili zikae nyumba mbili.

Nne, tusione haya kuandika kwamba mtu fulani jina lake halikujulikana, ilimradi tuseme kweli habari tuijuayo. "Mpagazi wa Bungu, baba wa mtoto mmoja wa kike, alichukuliwa wakati wa vita, hakurudi": maneno haya ni machache, lakini yana mtu ndani yake kuliko sifa zote zilizoelekezwa kwa umati. Palipo na pengo, pengo lionekane, ili mtu mwenye habari ajue mahali pa kuiweka.

Nami sitaki niwe mwalimu wa kuwaagiza wengine. Baada ya swali la mtoto yule nalinunua daftari, nikamwambia mtoto mwenyewe aanze kuandika. Tulikwenda naye pamoja na wenzake kwa wazee, nyumba kwa nyumba, siku za Jumamosi. Mzee mmoja alitukaribisha, akafikiri sana, akataja majina tisa ya wanawake waliopandisha mchanga, na kwa kila jina akaeleza ndoo yake ilikuwa ya namna gani. Mama mmoja akatukatalia, akasema, "Mwaniandika ili mnidai nini?" Tukaketi, tukamweleza, akacheka, akataja jina lake, na la marehemu dada yake, akawaambia watoto walisome kwa sauti apate kusikia kama tumeliandika sawasawa. Hata sasa tuna majina 41. Hayatoshi, wala hatujapata jiwe.

Jiwe litachelewa, maana saruji ina bei. Lakini juzi nalimpata mtoto yule amesimama mbele ya ile marumaru pamoja na mdogo wake wa darasa la kwanza. Mdogo alikuwa akisoma herufi kwa shida, akafika mwisho wa jina la mkubwa, akauliza kama alivyouliza kaka yake: "Ndiye aliyejenga?" Kaka hakumjibu neno. Alifungua mfuko wake, akatoa daftari, akaanza kumsomea.